Chai Kabla ya Mazoezi: Namna ya Kuifanya Kwaya Iwe ya Watu Wanaojuana

Mimi ni fundi wa cherehani hapa Nakuru, na ni mwimbaji wa alto, ile sauti ya chini ya wanawake. Nimo katika kwaya ya kigango chetu cha Kikatoliki tangu Novemba 2007, na kwa miaka minne nilikuwa mwenyekiti wake. Muziki sikuusomea. Ninachojua kidogo ni watu, maana fundi humpima mtu kiuno kabla hajamjua jina.

Kwaya nyingi huja kibandani kwangu kushonesha sare. Mwenyekiti anasimama, nazungusha tepu kifuani, na kabla sijafika mabegani ameanza kulalamika: "Fundi, watu wetu hawapendani. Soprano hawasemezani na alto. Labda tukivaa rangi moja..." Nawashonea, kazi sikatai. Lakini nimeshona majoho ya kutosha kujua kwamba kwaya inaweza kupendeza kama bustani mbele ya altare, huku nusu yao hawajui mwenzao analala wapi.

Haya ninayoandika ni yale tuliyojaribu sisi wenyewe, pamoja na yaliyotushinda. Kama kwaya yenu ni ya Kianglikana au ya Kipentekoste, badilisha majina ya vyeo tu. Ugomvi ni ule ule.

Anza na asiyekuja

Zamani tulikuwa na faini: shilingi 20 kwa kuchelewa, 50 kwa kukosa mazoezi bila taarifa. Mimi ndiye niliyependekeza, na nilijiona nina akili sana. Daftari letu lilikuwa na safu nne: jina, sauti, mahudhurio, faini.

Baada ya miezi kadhaa, mama mmoja wa soprano akawa na deni la shilingi 340. Huyu alikuwa na ile sauti ambayo mwalimu akishatoa do, yeye huidaka na wengine wote wakamfuata kama kondoo. Akaacha kuja. Kwenye kikao tukasema amepoa kiimani. Mwingine akasema ni maringo ya watu wenye sauti. Tulikuwa na namba yake ya simu, watu wote 30 na ushei, na hakuna aliyempigia. Ukapita mwezi, ukapita wa pili.

Nilimkuta Soko la Wakulima, nimeenda kutafuta viazi. Alikuwa ameketi nyuma ya mafungu ya sukuma na managu. Akanisalimia kwa furaha, akanifungia sukuma na kukataa pesa. Nikamuuliza, "Mama, mbona umetutupa hivyo?" Akafuta mikono kwenye leso, akacheka.

"Fundi, mazoezi mmeweka saa kumi na moja. Wateja wangu wanatoka kazini saa kumi na moja. Nikifunga saa hiyo, watoto wangu watakula wimbo? Na nikichelewa mnaniandika. Mia tatu na arobaini kwangu ni mtaji wa siku nzima."

Nilirudi nyumbani na ile sukuma ya bure, na kusema kweli haikunipita kooni vizuri.

Tulifanya mambo matatu. Kwanza, faini ikafutwa na madeni yote yakachanwa mbele ya watu. Pili, mazoezi makubwa tukayahamishia Jumapili baada ya Misa ya pili, kwa sababu ndiyo siku pekee ambayo wenye vibanda, walinzi wa usiku na walimu wanaweza kukutana. Jumatano ikabaki ya walio karibu, bila daftari. Tatu, ile safu ya nne iliyokuwa imeandikwa "Faini" tukaifuta kwa rula na kalamu nyekundu, tukaandika juu yake: "Nani amempigia?"

Safu hiyo ndiyo nakuomba uige kabla ya kitu kingine chochote. Kila jina lisilo na tiki lazima, kufikia Jumatatu usiku, liwe na jina la mtu aliyepiga simu. Asiwe mwenyekiti wala mwalimu, maana simu ya kiongozi husikika kama mwito wa chifu. Apige anayekaa naye kiti kimoja. Na asianze na "mbona hukuja?", kwa sababu hapo mtu huanza kutafuta uongo. Aseme tu, "Leo tumekukosa, uko salama?" kisha anyamaze asikilize. Akiambiwa sababu, abaki nayo. Haipelekwi kwenye kundi la WhatsApp ili watu watume mikono ya maombi.

Yule mama hakurudi wiki ile. Alichukua karibu miezi miwili. Mtu uliyemwandikia faini hakuamini haraka, na ana haki.

Chai iwe mwanzo

Sisi tulikuwa tukinywa chai baada ya mazoezi, kama kwaya nyingi. Siku moja nikahesabu wanaobaki: ni wale wale kumi, wanaokaa karibu na kanisa. Wa Lanet na wa barabara ya Njoro walikuwa wakikimbilia matatu kabla giza halijaingia. Na pale penye vikombe ndipo mambo yote yalipokuwa yakiamuliwa: nani ataimbisha wimbo wa sadaka, tutavaa nini Pasaka, nani aongoze safari. Wa mbali walikuwa wakiletewa maamuzi kama barua. Halafu tukawa tunashangaa kwa nini kwaya ina "wenyewe" na "wageni".

Tukaileta chai mbele. Nusu saa, kisha ndiyo tuanze. Mtu aliyetoka Misa bila kula asubuhi hawezi kushika noti ndefu, hilo halihitaji mtaalamu. Kwa watu 35 hivi tunachemsha lita sita za maziwa na lita sita za maji, majani bila ubahili, tangawizi Julai baridi ikikaza, sukari kando ili wenye kisukari wasijieleze. Mandazi mawili kwa kila mtu, au viazi vitamu vikiwa msimu wake.

Zamu ya kupika wapewe watu wawili wa sauti tofauti, ikiwezekana wa umri tofauti pia. Mpange binti wa soprano na mzee wa besi. Tulikuwa na mzee aliyesema tangu aoe hajawahi kuosha kikombe. Aliosha 35. Tangu siku hiyo alimwita yule binti "bosi", na binti alipofiwa na nyanya yake, mzee yule ndiye aliyefika wa kwanza nyumbani kwao.

Jambo moja msikosee: pesa za chai zitoke kwenye sanduku la kwaya, kamwe zisitoke mfukoni mwa walio zamu. Mkisema "wa zamu walete", asiye nacho ataugua ghafla Jumapili yake.

Binti yangu anasoma Chuo Kikuu cha Egerton, na siku moja alinisomea utafiti wa Oxford, Uingereza, uliochapishwa 2015. Waliwafuatilia watu wazima waliojiunga na madarasa ya kuimba, ya kazi za mikono na ya uandishi kwa muda wa miezi saba. Waimbaji walizoeana upesi kuliko wote, mwezi wa kwanza tu. Lakini kufikia mwisho wa miezi saba, wale wa kazi za mikono na uandishi walikuwa wamewafikia. Mimi kama fundi nilifurahi, ila kama mwanakwaya nilielewa kitu. Wimbo unakufungulia mlango haraka. Kukaa ndani ya nyumba ni kazi nyingine, na ndiyo hiyo ya vikombe.

Sare: kikulacho ki nguoni mwako

Hapa nina maneno mengi, mnivumilie.

Usipime watu hadharani huku mtu mwingine akiandika na kusoma inchi kwa sauti. Nilimwona msichana akiacha kwaya kwa sababu kiuno chake kilitangazwa mbele ya tenori wote. Mwaka tuliposhona majoho nilipima watu 41, mmoja mmoja nyuma ya pazia, na kwenye daftari nikaandika namba badala ya majina.

Kulikuwa na kijana wa besi ambaye mwaka mmoja kabla nilikuwa nimemshonea suruali ya harusi ya dada yake. Kiuno chake nilikikumbuka: 34. Siku ile tepu ikakutana kwenye 30. Nikaondoa, nikazungusha upya nikidhani nimeikunja. 30. Yeye alikuwa ametazama ukuta. Sikumuuliza kitu. Nilisema tu, "Mwanangu, nitakuachia mshono mpana hapa ndani, ili ukinenepa tena tusinunue kitambaa." Akanyamaza kitambo. Kisha akaniambia, bado ameangalia ukuta, kwamba kazini walipunguza watu tangu Februari na nyumbani wanakula mara moja kwa siku. Alikuwa anakuja mazoezi kila Jumapili, hana tiki hata moja iliyokosekana. Daftari letu zuri halikumwona.

Nilimwambia mtu mmoja tu, mzee wa tenori mwenye lori, na hata yeye nilimwambia "anatafuta kibarua", basi. Wiki iliyofuata kijana alikuwa anapakia magunia ya mahindi. Ule mshono niliufungua mwaka uliofuata.

Kwa hiyo, kama kwaya yenu ina fundi, kinyozi, muuguzi au mwenye duka, jueni hao wanaona ya watu kabla ya kamati. Wafundishane kufunga midomo na kufungua mikono.

Sasa bei. Joho la mtu wa kimo cha kawaida linakula kama mita tatu na nusu za kitambaa kipana. Pigeni hesabu ya wote, gawanyeni sawa, kisha mpe kila mtu miezi sita ya kulipa polepole kwa mweka hazina peke yake. Anayeshindwa, sanduku lijaze kimya kimya. Majoho yawe mali ya kwaya, yakae kabatini kanisani. Tulipoacha kila mtu aende na lake, wengine walipiga pasi, wengine hawakuwa na pasi, na Jumapili ikawa ni maonyesho ya nani ana umeme.

Kuhusu rangi, sisi tulipoteza miezi mitatu. Kambi ya zambarau na kambi ya kijani, watu wazima wanaosali. Msifanye hivyo. Chagueni mtu mmoja kutoka kila sauti, hao wanne walete vitambaa viwili, watu wainue mikono mara moja, na mjadala ufungwe siku hiyo hiyo. Ombi langu kama fundi ni moja: nyeupe msiilete. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, lakini vumbi halijapata habari.

Mwenye noti na mwenye sikio

Kwaya nyingi zina matabaka mawili ambayo hayatajwi. Kuna wanaosoma noti, na kuna wanaoshika kwa sikio. Wa noti hushika karatasi juu kama hakimu, wa sikio husubiri kuimbiwa kama watoto. Baada ya muda wa sikio wanaanza kujiona mzigo.

Dawa ni solfa, yaani kusoma wimbo kwa herufi za do, re, mi, dakika 15 kila wiki, kwa wote. Mwalimu wetu anafundisha shule ya msingi, anakuja na chaki na kuandika ukutani kwenye ubao wa katekesi: d r m f s l t. Anatuonyesha kwa kidole, tunapanda na kushuka. Mfumo huu haukutengenezewa wasomi. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich kule Uingereza, ndiye aliyeuanzisha karne ya 19, na mchungaji John Curwen akauendeleza akitafuta njia rahisi ya kuwafundisha kuimba watoto wa shule za Jumapili. Mama wa mboga anaweza. Huyo wetu aliweza kwa mwezi mmoja na nusu, akaanza kuwarekebisha walimu wa sekondari.

Kusahihisha nako kuna adabu yake. Usitaje jina. "Sauti ya pili, turudie mstari wa tatu," inatosha, hata kama unajua ni nani. Kama kuna mtu mmoja anayepotea kila mara, mkalishe katikati ya wawili imara, aisikie sauti yake kulia na kushoto. Akiwa pembeni, sikio moja linabaki yatima. Wala usimwambie kwa nini umemhamisha. Mimi mwenyewe nilikalishwa katikati ya dada wawili mwaka mzima, nikadhani wananipenda. Niliambiwa ukweli nilipokuwa tayari mwenyekiti, na mwalimu akacheka mpaka akakaa chini.

Mgeni naye asiachwe aelee. Mpeni mlezi mmoja kwa miezi mitatu: wa kushika naye kitabu kimoja, kumweleza tunasimama lini, na kutoka naye hadi kituo cha matatu.

Lugha, kura na kimya

Mwezi wangu wa tatu katika kwaya ulikuwa Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Aliyekuwa Nakuru anajua, na asiyekuwa sitamsimulia yote. Watu waliokuwa wakishika kitabu kimoja cha nyimbo wakajikuta pande mbili. Wengine wetu walilala uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu waliokimbia nyumba zao. Mazoezi yalisimama. Yaliporudi, tulikuwa watu 13 ndani ya kanisa kubwa.

Hakuna aliyehutubia. Mwalimu wa wakati ule, mzee mpole, alitoa do. Tukaimba dakika 40 hivi, wimbo baada ya wimbo, bila kuangaliana, kisha kila mtu akaenda zake. Wiki iliyofuata tulisalimiana. Ya tatu mtu akauliza habari za nyumba ya mwenzake, na huyo akalia, na tukamwacha alie. Kama kwaya yenu imegawanyika vibaya, usikimbilie semina ya upatanisho. Waite waimbe kwanza, na usiwalazimishe kukumbatiana.

Siku hizi tuna sheria mbili. Ndani ya mazoezi na kwenye kundi la simu ni Kiswahili tu, hakuna kona ya lugha ya mama, kwa sababu asiyeelewa hudhani anasemwa, na mara nyingine ni kweli. Ya pili inaonekana kinyume chake: kila baada ya miezi mitatu tunajifunza wimbo mmoja wa lugha ya mmoja wetu, na mwenye lugha ndiye mwalimu siku hiyo, hata kama ni binti wa miaka 16. Tumeimba Kiluo, Kikuyu, Kiluhya, Kikalenjin, Kikisii, na Kiturkana kwa sababu tuna Mturkana mmoja mwenye besi ya kutikisa vioo. Hakuna kinachomshusha mwenyekiti kama kusahihishwa ulimi na mtoto. Mzee wetu mmoja husema alipokuwa mtumishi wa altare aliitikia Misa kwa Kilatini bila kuelewa neno, mpaka Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, ulipotoa hati yake ya liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, ukafungulia lugha za watu. Kwake kuimba Kiluo akiwa Mkikuyu ni jambo dogo sana.

Wakati wa kura, fungeni kundi la WhatsApp. Uchaguzi wa Agosti 2022 tulilifunga wiki moja kabla, wakabaki viongozi watatu wa kutangaza saa za mazoezi tu, na tukalifungua baada ya kelele kupoa. Lakini mazoezi hatukuahirisha hata mara moja. Mtu anaweza kukutumia tusi kwa simu. Kukutusi mkiwa mmeshika sufuria moja ya chai ni vigumu.

Pesa, msiba na kamera

Hesabu isomwe kwa sauti kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, wakati wa chai, watu wote wakiwepo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na ujumbe wa M-Pesa wa kila malipo uonyeshwe kwa anayetaka. Sisi tuliwahi kukaa miezi 11 bila kusoma, kwa uvivu tu. Tulipofungua sanduku pesa zilikuwepo zote hadi sarafu. Watu wawili walikuwa wameshaondoka, na mweka hazina wetu, mwaminifu kama mizani, alilia mbele yetu.

Msiba uwe na kiwango kimoja. Kwetu ni shilingi 200 kwa kila mtu, kwa mzazi, mwenzi au mtoto wa mwanakwaya, iwe ni matanga ya mwenyekiti au ya kijana asiye na kazi. Mwenye kutaka kuongeza apeleke mwenyewe. Kabla ya kuandika kiwango hicho, tulipeleka basi zima kwa mmoja na watu wanne kwa mwingine. Yule wa watu wanne hakusema kitu. Aliacha tu kuja.

Mkirekodi video, kaeni na mpiga picha kabla hajawasha kamera. Yetu ya kwanza ilitoka na mabinti watatu warembo wimbo mzima, na sisi wengine tukaonekana kama ukuta. Mama mmoja alikuwa amesukwa kwa shilingi 1,500 kwa ajili ya siku hiyo. Kilichotokana na hapo ni kikao cha saa nne. Andikeni: kila uso uonekane angalau mara moja, na nyimbo zigawiwe waimbishaji tofauti.

Imbeni pasipo na makofi

Kwaya inayojiimbia yenyewe huishia kujipima yenyewe, nani anang'aa na nani hang'ai. Kila baada ya miezi mitatu sisi huenda wodini, kumi au kumi na wawili tu, bila majoho, bila kinanda, kayamba moja iliyofungwa kitambaa ili isipige kelele. Mara ya kwanza mwimbaji wetu mwenye sauti kubwa kuliko wote alijikuta akiimba chinichini kando ya kitanda cha mtu aliyekuwa hawezi kugeuka. Tukiwa kwenye matatu ya kurudi hakuna aliyeuliza nani alikosea.

Na mwaka hadi mwaka, karibu na tarehe 22 Novemba, siku ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, tunatembelea kwaya nyingine au tunatembelewa. Mwaka mmoja tulikwenda Kisumu. Ukitoka Nakuru alfajiri unatetemeka kwa baridi Mau Summit, unakunywa chai Kericho, na ukifika Ahero umevua sweta zote. Safari kama hiyo ina faida moja ambayo mazoezi hayana: huwezi kuchagua wa kukaa naye. Niliandika namba za viti kwenye vikaratasi, kila mtu akachomoa. Maadui wawili wa ile vita ya zambarau na kijani walichomoa viti vya pamoja, wakanitazama kama nimefanya uchawi. Kufika Londiani mmoja alikuwa amemlalia mwenzake begani, mdomo wazi. Wenyeji wetu walitukaribisha kwa samaki na ugali, wakatukalisha kwa sauti: alto wao na alto wetu meza moja. Hilo tuliwaiba, tunalifanya hadi leo tukipata wageni.

Neno la mwisho ni kwa viongozi wenzangu. Andikeni muda wa kila cheo, na ukiisha, ondokeni bila kungoja kuombwa. Mimi nilirudi mstari wa pili wa alto, na daftari nikamkabidhi yule mama wa soko, kwa sababu katika kwaya nzima hakuna anayejua vizuri kuliko yeye thamani ya ile safu ya nne.

Jumapili mbili zilizopita sikwenda. Mafua ya baridi yalinilaza, na sikumwambia mtu, ule ukaidi wa watu waliowahi kuwa viongozi. Saa mbili usiku simu ikalia.

"Fundi, jina lako halina tiki. Uko salama?"

Nikamwambia ni kikohozi tu, kitapita. Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, akagonga mlango akielekea sokoni, na fungu la managu na tangawizi ndani ya karatasi ya solfa.